Mimea ya kijani mwaka mzima: Utajiri wa porini unaokosa wauzaji

KILA mwenye kitalu cha maua kando ya barabara anaujua mwezi wa Septemba. Masika imeshasahaulika, vuli haijaanza, maji yananunuliwa kwa pipa na wateja ni wa kuhesabu. Miche iliyotunzwa tangu Mei inaanza kunyauka ndani ya viriba, na mtaji unanyauka nayo.

Tatizo jingine ni kufanana. Kitalu cha kwanza kina bogenvilia, krotoni na miche ya michongoma, cha pili kina hivyo hivyo, na cha tano vilevile. Mteja anayeona bidhaa moja kila mahali hana sababu ya kuongeza bei. Hushindanisha wauzaji mpaka anayeshinda anaambulia gharama ya maji tu.

Mfanyabiashara anaweza kujinasua kwa kuuza mimea ya kudumu ambayo haipukutishi majani ovyo, inayostahimili kiangazi na ambayo jirani hana. Mingi ya aina hiyo haitoki ng'ambo. Asili yake ni Afrika Mashariki, ila waliowahi kuifanyia biashara ni wengine.

Mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani huko Tanga, alipeleka kwao mmea mdogo wa maua ya zambarau kutoka Usambara. Mwaka uliofuata ukapewa jina la Saintpaulia kwa heshima ya ukoo wake, na hatimaye ukawa miongoni mwa maua ya chungu yanayouzwa sana Ulaya na Marekani. Miaka ya 1990 Waholanzi wakaanza kuzalisha kwa wingi Zamioculcas zamiifolia, maarufu sokoni kwa jina la ZZ, mmea unaoota wenyewe kuanzia Kenya na Tanzania, Zanzibar ikiwemo, hadi Afrika Kusini. Leo ZZ hupamba ofisi za Nairobi na Dar es Salaam, na wengi huudhani ni mgeni.

Uchague upi?

Jambo la kwanza ni kumuuliza mteja mmea utakaa wapi: juani, kivulini au ndani ya nyumba.

Kwa uzio wa juani, mtandamboo (Carissa) unafaa. Una majani ya kijani yanayong'aa, maua meupe yenye harufu nzuri, miiba ya kuzuia mifugo, na matunda yanayoliwa yakiiva na kuwa meusi. Hata hivyo, tahadhari inahitajika. Msunguti, ambao utomvu wake ulitumika kutengeneza sumu ya mishale, unafanana nao kwa majani na maua. Mtandamboo una miiba, msunguti hauna. Asiyeona mwiba asionje tunda, na muuzaji asiye na hakika na mmea asiuuze.

Kwa kivuli chepesi kuna masale, wa jamii ya Dracaena. Wachagga wa Kilimanjaro huupanda mipakani, na jani lake hupelekwa kuomba msamaha. Mteja anayesimuliwa habari hiyo huondoka na mmea wenye maana kwake.

Kwa ndani ya nyumba, ZZ huvumilia mwanga hafifu na kusahauliwa maji. Ukinyimwa maji muda mrefu sana hudondosha majani ili kuokoa kiazi chake, kisha huchipua tena ukimwagiliwa. Unaouawa kwa haraka ni ule unaomwagiliwa kila siku, kwani kiazi huoza. Mteja pia aambiwe kuwa mmea huu huwasha mdomo ukitafunwa, hivyo uwekwe mbali na watoto.

Ua la Usambara linafaa maeneo ya baridi kidogo kama Lushoto, Arusha au Limuru. Halitaki jua kali, na maji yamwagwe kwenye udongo, si juu ya majani.

Kuotesha

Masale ni rahisi. Shina hukatwa vipande vya sentimita 15 hadi 20 na kuchomekwa kwenye mchanga wenye unyevu, kivulini. Mizizi hutoka ndani ya wiki chache. Sehemu iliyokuwa juu ibaki juu.

Mbegu za mtandamboo hutolewa kwenye tunda lililoiva, huoshwa na kupandwa mara moja, kwani zikiwekwa muda mrefu hupoteza uwezo wa kuota.

ZZ huzalishwa kwa majani yake madogo. Kikonyo chenye jozi sita hadi nane kinaweza kutoa miche 12 hadi 16 endapo yote itashika. Kila jani huchomekwa kwenye mchanga uliochanganywa na mboji kidogo, nalo hufanya kiazi kidogo kabla ya kuchipua. Kazi hiyo huchukua miezi sita hadi mwaka, au zaidi. Anayetaka haraka hugawanya viazi vya mmea mkubwa. Ua la Usambara nalo huoteshwa kwa jani lenye kikonyo chake.

Hesabu kwanza

Hapo ndipo wengi hukwama. Mtaji ukizikwa wote kwenye ZZ, mwaka mzima hakuna kinachoingia. Busara ni kuchanganya: masale wa kuuzwa mapema alipe maji na kibarua wakati ZZ inakua. Mali bila daftari huisha bila habari, kwa hiyo kila kundi la vipandikizi liandikwe tarehe, idadi iliyochomekwa na idadi iliyoshika. Baada ya msimu mmoja, daftari litaonyesha mmea upi unalipa.

Mmea mama upatikane kwa njia halali, kutoka bustanini au kitalu kingine. Kuchimba mimea katika msitu wa hifadhi bila kibali ni kosa, na aina kadhaa za ua la Usambara zimo hatarini kutoweka. Anayelenga soko la nje anahitaji cheti cha afya ya mimea, kinachotolewa na TPHPA kwa Tanzania na KEPHIS kwa Kenya. Mishubiri, isipokuwa Aloe vera, huhitaji pia kibali cha mkataba wa CITES.

Anayechomeka masale mwezi Julai anaweza kuwa na miche yenye mizizi vuli inapoanza, wakati watu wanapotoka kutafuta cha kupanda.