Gramu kumi kutoka Siberia hadi kusini mwa Tanzania

Mwaka 2018 watafiti wa ndege walichapisha taarifa za safari za madume watatu wa ndege mdogo mhamaji waliowakamata kaskazini-mashariki kabisa mwa Urusi, katika eneo la mto Anadyr, upande unaotazamana na Alaska. Kila dume alifungwa mgongoni kifaa kidogo cha kurekodi mwanga, akaachiwa aende zake. Waliponaswa tena baada ya kurudi kuzaliana, vifaa vile vilionyesha walikokuwa wakati theluji imetanda kwao: kusini mwa Tanzania au kaskazini mwa Msumbiji. Kwenda tu ni kilomita zipatazo 13,000. Ndege mwenyewe ana uzito wa gramu kumi hivi, sawa na maji ya vijiko viwili vya chai.

Jina lake la kisayansi ni Phylloscopus trochilus, na katika makala haya tutamwita trokilusi. Ni miongoni mwa ndege wadogo wanaoingia Afrika kwa wingi mno kutoka Ulaya na Asia. Kuanzia Septemba na Oktoba hadi Machi na Aprili yumo katika migunga, katika miombo, pembezoni mwa misitu na hata kwenye miti ya mitaani Nairobi na Arusha. Tunapita chini yake kila siku. Vitabu vingi humweleza kama ndege wa Ulaya anayekuja huku kukimbia baridi, na kwangu maelezo hayo yanakata hadithi nusu. Mambo mengi yanayoamua kama ndege huyu ataishi mwaka mwingine hutokea kwenye miti yetu, na sayansi ya miaka ya karibuni imeonyesha hivyo kwa ushahidi unaoweza kupimwa.

Kumtambua kunataka subira kidogo. Ana urefu wa sentimita 11 au 12 kuanzia mdomo hadi mkia. Mgongo ni wa kijani kilichochanganyika na kahawia, tumbo ni jeupe lenye umanjano uliofifia, na juu ya jicho hupita mstari mwembamba wa rangi hafifu. Mabawa hayana mistari myeupe. Mdomo ni mwembamba kama ilivyo kwa ndege wala wadudu, na miguu kwa kawaida ni ya kahawia nyepesi. Vijana wanaofika kwa mara ya kwanza huwa na umanjano mwingi kuliko wazazi wao, na wale wanaotoka mashariki ya mbali, kama madume wa Anadyr, huelekea kuwa wa kijivujivu. Dume na jike wanafanana.

Tabia yake husaidia kuliko rangi. Hatulii. Huruka kutoka kitawi hadi kitawi akichungulia upande wa chini wa majani, akidonoa viwavi, vidukari, buibui na nzi wadogo, mara nyingine akiruka hewani kumnasa mdudu anayepita. Sauti yake ya kawaida huku ni mlio mfupi wa silabi mbili unaopanda mwishoni. Katika miombo huonekana mara kwa mara ndani ya makundi ya ndege mchanganyiko, wenyeji na wageni wakitafuta chakula pamoja, kila mmoja akinufaika na macho ya wenzake yanayoangalia kipanga. Asichanganywe na ndugu zake wa jenasi hiyohiyo ambao hawaendi popote: yupo wa kahawia anayeishi katika misitu ya milima mirefu kama Kilimanjaro na Mlima Kenya, na yupo mwenye koo la manjano anayepatikana katika misitu ya Usambara, Uluguru na Udzungwa. Hao wawili huzaliwa na kufia mlimani.

Hata huko Ulaya alichelewa kutenganishwa na jamaa zake. Gilbert White, kasisi wa kijiji cha Selborne kusini mwa Uingereza, ndiye aliyeonyesha katika karne ya 18 kwamba ndege wadogo wa kijani waliodhaniwa kuwa aina moja walikuwa aina tatu, na kilichomwongoza zaidi kilikuwa nyimbo zao. Wimbo wa trokilusi ni mfululizo wa sauti laini unaoanza juu na kushuka taratibu hadi kufifia. Wasomaji wetu wanaweza kuusikia bila kupanda ndege ya abiria, maana madume huanza kuimba hukuhuku Afrika katika wiki za mwisho kabla ya kuondoka.

Huko kaskazini huzaliana katika misitu michanga, vichaka na pembezoni mwa misitu, kuanzia Ireland upande wa magharibi hadi Siberia ya mashariki. Hapendi msitu mzee uliofunga giza. Anataka miti midogo yenye mwanga na majani mengi chini. Ajabu ni kwamba ndege huyu anayeishi juu mitini hujenga kiota chake ardhini. Jike hufuma nyasi na kuvumwani kuwa kiota chenye paa na mlango wa pembeni, hukitandika manyoya ndani, kisha hutaga mayai sita hivi, wakati mwingine manne, wakati mwingine manane. Huatamia peke yake kwa muda wa wiki mbili hivi, na makinda hutoka kiotani baada ya wiki nyingine mbili. Karibu na mzingo wa Aktiki mchana wa kiangazi hukaribia saa 24 na wadudu hufurika, kwa hiyo wazazi wanaweza kulisha makinda karibu bila kukoma. Ila dirisha hilo ni fupi, na likifungwa hakuna mdudu atakayepatikana hadi mwaka ujao.

Hapo ndipo swali linapokuja. Kwa nini ndege wa Anadyr asiende kusini-mashariki mwa Asia, ambako ni karibu zaidi na kuna joto? Maelezo yanayokubalika zaidi yanarudi nyuma hadi enzi ya barafu. Barafu ilipoyeyuka, katika kipindi cha miaka 10,000 hadi 15,000 iliyopita, makazi mapya yalifunguka kaskazini, na trokilusi wakasambaa hatua kwa hatua kutoka magharibi kuelekea mashariki. Kila kizazi kilisogeza mahali pa kuzalia, lakini mahali pa kukaa wakati wa baridi hapakubadilika. Hivyo ndege wa Siberia bado wanakwenda Afrika ambako mababu zao walikwenda, ingawa sasa safari imerefuka mno. Madume watatu wa utafiti ule walipita njia zinazofanana sana: kwanza magharibi hadi kusini-magharibi mwa Asia, wakapumzika na kula huko, kisha wakageuka kuelekea Afrika.

Kifaa walichobeba ni rahisi kwa kushangaza. Hakitumi ishara yoyote. Kinarekodi tu jinsi mwanga unavyobadilika, na kina saa ndani. Urefu wa mchana humwambia mtafiti umbali kutoka Ikweta, na wakati ambapo adhuhuri inaangukia humwambia umbali wa mashariki au magharibi. Kuna kasoro moja kubwa: mwishoni mwa Septemba na mwishoni mwa Machi mchana na usiku hulingana karibu dunia nzima, kwa hiyo urefu wa mchana hauonyeshi umbali kutoka Ikweta, na ndege husafiri katika vipindi hivyohivyo. Pia ni lazima umnase tena ndege yuleyule. Ndiyo maana madume hutumika zaidi, kwa sababu hurudi sana kwenye eneo lilelile la msitu walilolilinda mwaka uliopita.

Kinda asiyewahi kusafiri huijuaje njia? Wazazi hawamwongozi, huondoka peke yake, usiku. Jibu la sehemu kubwa limo katika vinasaba, na trokilusi wa Skandinavia ndio waliosaidia kulipata. Wale wa kusini mwa Sweden huruka kusini-magharibi kupitia Hispania hadi Afrika Magharibi. Wale wa kaskazini huelekea kusini na kusini-mashariki, na kuishia Afrika Mashariki na Kusini. Katikati ya Skandinavia makundi haya hukutana na kuzaliana. Mwaka 2023 watafiti walionyesha kwamba sehemu mbili tu za vinasaba zinaeleza kwa kiasi kikubwa ni upande gani ndege ataelekea. Tabia ngumu kama kuvuka mabara imebebwa kwa sehemu kubwa na maeneo mawili ya DNA! Dira ya kumweka katika mwelekeo huo inaweza kuwa jua au usumaku wa dunia, au vyote kwa pamoja; njia za ndege wa Anadyr hazikueleweka kwa dira moja sahili kutoka mwanzo hadi mwisho.

Nishati ya safari ni mafuta. Gramu moja ya mafuta hutoa nishati zaidi ya mara mbili ya gramu moja ya wanga au protini, na kwa kiumbe anayebeba mzigo wake angani tofauti hiyo ni uhai. Kabla ya kuvuka jangwa ndege hawa hula kupita kiasi hadi mafuta yaonekane wazi chini ya ngozi ya kifua na tumbo. Mwanariadha wa binadamu akikimbia kwa nguvu zake zote hutegemea zaidi sukari iliyohifadhiwa mwilini, kwa sababu misuli yetu haiwezi kuchoma mafuta haraka vya kutosha. Misuli ya ndege wahamaji inaweza, saa baada ya saa, usiku kucha. Zaidi ya hapo, wakati wa safari ndefu sehemu ya utumbo na ini hupungua ukubwa, protini yake ikitumika kama nishati na maji, kisha viungo hivyo hukua upya ndege anapotua na kula.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo binafsi naliona zito kuliko yote. Ndege wengi hubadilisha manyoya yote ya mwili na mabawa mara moja kwa mwaka. Trokilusi ni mmoja wa wachache wanaofanya hivyo mara mbili: mara moja kaskazini baada ya kuzaliana, na mara ya pili huku Afrika kabla ya kurudi. Manyoya anayorukia kwenda Siberia au Sweden yameota hapa, kutokana na wadudu waliokula majani ya miti ya hapa. Watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2000 walipima isotopu, yaani aina za atomi, za kaboni na nitrojeni katika manyoya hayo ya trokilusi wa Skandinavia, wakakuta ndege wa kusini na wa kaskazini wanatofautiana, kwa sababu walikuwa wamekula katika sehemu tofauti za Afrika. Kemia ya miti na nyasi zetu ilikuwa imeandikwa katika bawa la ndege aliyenaswa karibu na Aktiki.

Ndiyo maana ukame na ukataji miti huku huhesabika kule. Mfano unaojulikana zaidi ni wa ndege mwingine mdogo mhamaji anayepita msimu wa baridi katika Saheli: ukame ulipoikumba kanda hiyo mwishoni mwa miaka ya 1960, karibu robo tatu ya ndege wa aina hiyo hawakuonekana Uingereza mwaka 1969. Kwa trokilusi picha ina pande mbili. Idadi yake imeshuka sana kusini mwa Uingereza huku ikifanya vizuri Scotland, kwa hiyo hali ya kule wanakozaliana ina uzito wake. Lakini ndege anayehitaji kuota manyoya mapya na kujaza mafuta ndani ya miezi michache hawezi kukwepa madhara ya miombo kufyekwa kwa ajili ya mkaa, au ya dawa kali za wadudu zinazopuliziwa bila kipimo.

Je, wageni hawa wanatuletea magonjwa? Trokilusi hubeba vimelea vya damu vya jamii ya malaria ya ndege, na baadhi huvipata hukuhuku Afrika. Vimelea hivyo havimwambukizi binadamu. Kinyume chake, malaria ya ndege imeisaidia tiba yetu: daktari Ronald Ross alikamilisha mwaka 1898 huko Calcutta uthibitisho kwamba mbu ndiye msambazaji kwa kuchunguza malaria ya ndege, na mwaka 1902 akapewa Tuzo ya Nobel. Kuhusu mafua ya ndege, hifadhi kuu ya virusi hivyo katika asili ni ndege wa majini kama bata. Bado kanuni ya usafi ni ileile kwa ndege yeyote: usimshike aliyekufa kwa mikono mitupu, nawa kwa sabuni, na ukiona wengi wamekufa mahali pamoja mjulishe ofisa mifugo.

Wanaotaka kuona ukubwa wa msafara huu wana mahali pa kwenda. Ngulia, ndani ya hifadhi ya Tsavo Magharibi nchini Kenya, ukungu ukishuka katika usiku usio na mbalamwezi wa Novemba na Desemba, taa za hoteli iliyopo hapo huwavuta wahamaji walioko angani hadi washuke kwa wingi. Tangu mwaka 1969 wataalamu na wanaojitolea wamekuwa wakiwanasa kwa nyavu nyembamba, kuwapima, kuwavisha pete ya chuma mguuni na kuwaachia. Ndege laki kadhaa wamepita katika mikono hiyo, trokilusi wakiwemo.

Asiyeweza kufika Ngulia anaweza kuanzia uani kwake, hasa kama kuna mgunga au mti mwingine wa asili, kwa kuwa miti hiyo hubeba wadudu wengi kuliko miti mingi ya mapambo iliyoletwa kutoka nje. Andika tarehe uliyomwona wa kwanza mvua za vuli zinapokaribia, na tarehe uliyomsikia akiimba kabla ya masika. Miradi ya Kenya Bird Map na Tanzania Bird Atlas hukusanya taarifa za namna hiyo. Na ukiokota ndege mdogo aliyekufa mwenye pete mguuni, nakili herufi na namba zote zilizochongwa, pamoja na mahali na siku, kisha zipeleke kwa makumbusho ya taifa au chama cha ndege kilicho karibu nawe.