Uchumi Upi, Kabla ya Chuo Kipi

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, mazungumzo sebuleni huenda moja kwa moja kwenye majina: Mlimani, Mzumbe au Dodoma? Kwa kijana anayetaka kusoma uchumi, swali hilo limewahi mno. La kwanza ni uchumi upi.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani Mlimani, kina shahada ya uchumi, na kina nyingine inayouunganisha uchumi na takwimu. Mzumbe, kilichopata hadhi ya chuo kikuu mwaka 2001, huelekea zaidi kwenye sera, mipango na miradi. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), kilichopo Morogoro kama Mzumbe, hufundisha uchumi wa kilimo: bei za mazao, masoko, mikopo ya wakulima. Wahitimu wote hawa huitwa wachumi, lakini kazi wanazoziweza hazifanani.

Kinachowatofautisha hasa ni hisabati. Aliyetoka tahasusi ya EGM (uchumi, jiografia na hisabati) ameshaizoea. Wa HGE (historia, jiografia na uchumi) mara nyingi hukutana nayo upya mwaka wa kwanza, na wapo wanaochagua shahada kwa kuikimbia. Ni uamuzi wa gharama kubwa. Bila kalkulasi, takwimu na ekonometriki, yaani kupima nadharia za uchumi kwa data halisi, milango ya utafiti na ya shahada ya uzamili hujifunga mapema. Mtandao wa utafiti wa uchumi Afrika, AERC, ulioanzishwa Nairobi mwaka 1988, huendesha programu ya uzamili pamoja na vyuo vikuu vya nchi mbalimbali, na asiye na msingi wa hesabu hupata tabu kuimudu. Marehemu Profesa Benno Ndulu alifundisha Mlimani, akaiongoza AERC, kisha akawa Gavana wa Benki Kuu ya Tanzania kuanzia 2008 hadi 2018. Njia kama yake hupita kwenye namba.

Ada na mkopo wa Bodi ya Mikopo navyo havikwepeki katika uamuzi huu, na kodi ya chumba Dar es Salaam inaweza kumwelemea mwanafunzi ambaye angeishi kwa nafuu Morogoro.

Mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) huonyesha sifa za kujiunga na kila programu. Orodha ya masomo hutafutwa chuoni kwenyewe. Mwombaji aisome mwaka kwa mwaka, kisha amtafute mwanafunzi wa mwaka wa tatu amuulize: semina zina watu wangapi, programu ya takwimu kama Stata au R mnaifungua wenyewe au mnaisikia tu darasani, na nani husimamia utafiti wenu wa mwisho?