Luofu: Msufi, mti unaojaza mito ya kulalia, hauwezi baridi ya milima

Mto wa kulalia unaweza kutoka juu ya mti. Mti huo ni msufi, ambao kwa Kifaransa unaitwa fromager. Lakini mkaaji wa Luofu, katika teritware ya Lubero, anayefikiri kuupanda shambani ajue kwanza: msufi unapenda joto na mvua. Baridi ya milima haiufai. Pahali pake ni chini, kwenye misitu ya bonde la Kongo, ambako unaweza kupita metre 50 kwa urefu.

Maua yake hufunguka usiku, na popo wanaokuja kunywa asali yake hubeba chavua. Baadaye matunda hupasuka na kutoa sufi, laini kama hariri. Kila unyuzi una hewa ndani na nta juu, kwa hiyo sufi haizami upesi. Ndiyo maana zamani, hata wakati wa vita vya 1939-1945, ilijazwa katika jaketi za kuokolea mabaharia. Ni vigumu kuisokota, kwani nyuzi zinateleza. Inafaa zaidi kwa mito na matela.

Kuko hatari moja: sufi inashika moto haraka sana. Isiwekwe karibu na taa wala mbabula.

Wauza mbao pia wanautafuta mti huu, wanauita fuma, kwa ajili ya triplex. Ukikatwa, unauzwa mara moja tu. Ukiachwa, unaweza kuzaa sufi kwa miaka mingi.