MATOKEO YA KIDATO CHA SITA NA AFYA YA KIJANA WETU



Kila mwaka unapofika mwezi wa Julai, sisi wauguzi tunajua kwamba pamoja na wagonjwa wa malaria na akina mama wajawazito tutapokea wagonjwa wa aina nyingine. Hawa ni vijana waliofanya mtihani wa kidato cha sita mwezi wa Mei. Mmoja anaumwa kichwa wiki nzima na vipimo havionyeshi kitu. Mwingine hali wala halali. Mwingine moyo unamwenda mbio hata akiwa amekaa. Tukiuliza taratibu tunaambiwa, "Matokeo yametoka."

Mwaka mmoja baba alituletea binti yake usiku. Binti alikuwa amejaribu kujiua. Ndugu yake alimkuta mapema, akatibiwa, akapona. Siku ya tatu alituambia, "Sista, baba aliuza ng'ombe watatu kwa ajili ya ada yangu, nami nimepata daraja la tatu. Ningemtazamaje?" Baba yake alikuwa amesimama mlangoni. Akasema, "Mwanangu, ng'ombe tutafuga wengine," kisha akatoka nje kulia. Tukajiuliza: kama maneno hayo yangesemwa juma moja kabla, je, wangefika hapa? Ndiyo sababu ya makala hii.

Alama hizo maana yake nini?

Wazazi wengi husikia "daraja la tatu" bila kujua linapatikanaje. Huhesabiwa masomo matatu ya tahasusi. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6 na F ni 7. Pointi 3 hadi 9 ni daraja la kwanza, 10 hadi 12 la pili, 13 hadi 17 la tatu, 18 na 19 la nne, na 20 na 21 ni sifuri.

Binti yule alikuwa na D, D na E, yaani pointi 13. Angepata C badala ya D katika somo moja tu, angekuwa daraja la pili. Na D huishia alama 59, C huanzia 60. Kumbe tofauti ya daraja zima yaweza kuwa alama moja! Tena kwa miaka ya karibuni, D mbili zimetosha kutimiza kiwango cha chini cha kuomba chuo kikuu, ingawa kozi nyingi hudai zaidi. Binti alikuwa anakufa kwa aibu ya matokeo ambayo hakuna aliyemsaidia kuyasoma.

Mtihani hupima yale aliyoweza kuyaandika katika siku zile chache. Haupimi utu wake, wala haupimi mapenzi yake kwa wazazi.

Mwili nao hufanya mtihani

Wanafunzi wetu husifiana kwa "kupiga msuli" hadi alfajiri. Wengine hutia miguu katika beseni la maji baridi ili wasisinzie. Hili ni kosa. Mtu anapolala, ubongo hupanga na kuhifadhi yale aliyojifunza mchana. Anayekesha ni sawa na mkulima anayevuna mahindi na kuyaacha shambani. Kwa hiyo tunashauri hivi:

1. Kijana alale saa 8 hivi kila usiku, hasa juma la mtihani.

2. Kahawa, majani ya chai ya rangi yaliyokolea na vinywaji vya kuongeza nguvu visinywewe jioni. Nusu ya kafeini bado imo mwilini saa tano hivi baadaye. Na vidonge vya kuzuia usingizi visitumiwe kabisa pasipo daktari.

3. Asome kidogo kidogo kwa kurudia: leo, kesho kutwa, na tena juma lijalo. Haba na haba hujaza kibaba. Kusoma sura nzima usiku mmoja husahaulika upesi.

4. Asisome kwa macho tu. Afunge daftari, aandike anachokumbuka, kisha alinganishe. Ajibu mitihani ya miaka iliyopita huku akitazama saa.

5. Asiende mtihanini na njaa. Uji, kiazi au mkate na yai vinatosha.

6. Binti anayechoka mno, mwenye kizunguzungu au viganja vyeupe, apimwe damu. Mara nyingi tumeona anayeitwa mvivu kumbe ana upungufu wa damu.

Kama hofu inamshika ndani ya chumba cha mtihani, moyo ukadunda na mikono ikatetemeka, asidhani amerogwa. Huo ni mwili unaojiandaa kwa hatari. Aweke kalamu chini, avute pumzi akihesabu hadi nne, aitoe polepole akihesabu hadi sita. Akirudia mara kadhaa hali itatulia.

Siku ya matokeo

Zamani habari zilichelewa njiani. Siku hizi matokeo huwekwa kwenye intaneti, na jirani mwenye simu aweza kuyajua kabla ya mama. Basi wazazi, jiandaeni mapema:

- Kabla ya matokeo, mwambieni kijana kwa maneno wazi: "Yakija yoyote, wewe ni mtoto wetu, na tutakaa pamoja tupange." Msidhani anajua. Binti yule hakujua.

- Asiyaangalie peke yake. Awepo mtu mzima anayempenda.

- Siku hiyo msihesabu ada, wala msimtaje mtoto wa jirani. Baraza la Mitihani lenyewe, lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne Januari 2023, liliacha kutaja shule na wanafunzi kumi bora. Kwa nini sisi tuendelee kupangana hapa nyumbani?

- Mwacheni alie. Majadiliano ya nini kifuate yangoje siku mbili tatu.

- Aliyefaulu naye aangaliwe. Sherehe ya pombe usiku kucha imetuletea majeruhi wengi.

Dalili za hatari

Huzuni ya siku chache ni kawaida. Lakini mleteni hospitali au zahanati haraka mkiona anazungumzia kufa au kusema yeye ni mzigo, anagawa vitu vyake, anaaga watu bila sababu, au anajifungia ndani. Vilevile akikosa usingizi, hamu ya kula na furaha kwa muda wa wiki mbili.

Muulizeni waziwazi, "Je, umefikiria kujiua?" Swali hilo halimtii wazo jipya, mara nyingi humfungua. Akikubali, asiachwe peke yake hata kidogo. Fungieni dawa za shambani, za mifugo na vidonge vyote. Msimkemee kwamba amekosa imani. Huyu ni mgonjwa, na ugonjwa wake unatibika. Msione haya kumleta. Sisi hatusimulii ya wagonjwa sokoni.

Milango mingine

Aliyekosa nafasi aweza kurudia akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Aweza kusoma stashahada, kisha kuendelea na shahada baadaye. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kina kozi ya msingi kwa wasiotimiza sifa za kuingia moja kwa moja. Vyuo vya VETA hufundisha ufundi unaolisha familia. Sisi tunaoandika haya tuna stashahada ya uuguzi, na kwa hiyo tumewapokea mikononi mwetu wengi wa watoto mnaowasomesha leo.

Binti yule alikaa nyumbani miezi michache, akiletwa kliniki kila baada ya wiki mbili. Halafu akaomba chuo cha ualimu, akapata. Mwaka jana alipita wodini kutusalimu akiwa na baba yake. Mzee alitueleza kwamba sasa ana mitamba miwili.

Wahenga walisema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Wazazi, msingoje Julai. Mwambieni leo jioni, mkiwa mezani.