Nauli ya mbwa mzee

Mteja wa Nairobi akipiga simu kuuliza ni shilingi ngapi kumsafirisha mbwa wake kwa ndege hadi London, wakala hamtajii bei papo hapo. Kwanza anataka vipimo: kutoka puani hadi shina la mkia, kutoka sakafuni hadi kiwiko cha mguu wa mbele, upana wa mabega, na kimo mbwa akiwa amesimama. Umri utakuja baadaye, na wenyewe una gharama zake.

Vipimo hivyo ndivyo nauli. Kanuni za wanyama hai za IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, zinataka mbwa aweze kusimama, kugeuka na kulala kwa raha ndani ya kizimba. Kizimba cha mbwa mkubwa wa kilo 32 kinaweza kufika sentimita 102 kwa 68 kwa 75. Zidisha namba hizo, gawanya kwa 6,000 kama ilivyo desturi ya shehena za anga, upate kilo 87. Mwenye mbwa analipia kilo hizo 87, na kwa kawaida kila kilo inamgharimu zaidi ya kilo ya maua yanayopanda ndege hiyohiyo. Anayejaribu kupunguza bili kwa kizimba kidogo anajitafutia balaa, maana karani wa mizigo akiona masikio yanagusa dari, mbwa anarudishwa nyumbani.

Wateja wapo. Nairobi ni makao makuu ya UNEP na UN-Habitat, balozi zimejaa, na watumishi wa huko huhamishwa kila baada ya miaka michache. Mbwa aliyefugwa tangu mtoto katika kituo cha kwanza cha kazi, barua ya uhamisho wa tatu huenda ikamkuta ana ndevu nyeupe na nyonga zinazouma.

Sheria za Ulaya na Marekani haziweki umri wa mwisho wa mbwa kuruka. Kinachomkwamisha ni makaratasi, na makaratasi hula muda. Umoja wa Ulaya na Uingereza zinataka mbwa anayetoka Kenya, Uganda au Tanzania awe na chipu chini ya ngozi, kisha chanjo ya kichaa cha mbwa, kisha kipimo cha damu katika maabara iliyoidhinishwa. Damu itolewe siku 30 au zaidi baada ya chanjo, na safari ingoje miezi mitatu tangu damu itolewe. Mpangilio huo hauna mjadala. Mbwa wa miaka 12 aliyechanjwa kila mwaka lakini akawekewa chipu wiki iliyopita anaanza upya: chanjo nyingine, siku 30, miezi mitatu.

Marekani nayo ilibadilisha masharti tarehe 1 Agosti 2024. Kenya imo katika orodha ya nchi zenye hatari kubwa ya kichaa cha mbwa, hivyo mbwa aliyechanjwa huku lazima ashukie kiwanja chenye kituo cha wanyama kilichosajiliwa na serikali, na nafasi iwe imewekwa mapema. Asipokuwa na majibu ya damu yanayokubalika, anakaa karantini siku 28 kwa gharama ya mwenyewe.

Miezi minne si kitu kwa mbwa kijana. Kwa mzee ni muda wa kutosha figo kuchoka. Kwa hiyo fedha inayotumika vizuri kuliko zote katika biashara hii ni ile ya daktari wa mifugo anayepima moyo, figo na ini mwanzoni, kabla hata chipu haijalipiwa, akarudia safari inapokaribia. Daktari huyo pia ndiye wa kukataa ombi ambalo wenye mbwa hawachoki kulitoa: dawa ya kumlaza. Dawa za kutuliza zinaweza kushusha shinikizo la damu na kuvuruga pumzi, na kule chini, katika sehemu ya mizigo ya ndege, hakuna mtu wa kumwangalia. Mashirika mengi humkataa mbwa aliyelewa dawa.

Chini huko penyewe hapatishi kama watu wanavyodhani. Sehemu wanayowekwa wanyama hupata hewa yenye shinikizo sawa na la abiria. Hatari kubwa iko ardhini, pale kizimba kinapongoja kwenye lami juani. Sheria ya Marekani inakataza mbwa kuachwa katika joto la zaidi ya nyuzi 29.5 kwa zaidi ya dakika 45 anapohamishwa kati ya jengo na ndege. Nairobi ina bahati yake: ndege nyingi za Ulaya huondoka usiku. Waliojeruhiwa zaidi na joto na msongo ni mbwa wa uso bapa. Takwimu za Marekani zilizotolewa 2010 zilionyesha mbwa 122 waliokufa tangu Mei 2005, na karibu nusu ya wale wa mbegu safi walikuwa wa aina hiyo. Buldogi mzee, basi, ni mteja ambaye wakala mwaminifu humkataa.

Uingereza imezaa biashara yake ya pembeni. Mbwa wa kufugwa haruhusiwi kuingia huko kwa ndege akiwa na abiria. Lazima aandikishwe kama shehena, na bili huvimba. Wajanja wanamshusha Paris au Amsterdam kama mzigo wa ziada, kisha dereva wa gari la wanyama anamvusha kwa treni ya chini ya bahari kutoka Calais. Ni nafuu kwa mfuko. Lakini baada ya saa nane na zaidi angani, mbwa asiyeweza tena kuzuia mkojo anaongezewa nusu siku barabarani, na madereva wenye uzoefu hutoza kusimama kila baada ya saa mbili, pamoja na matandiko ya kubadilisha.