Maji ya kijani Kyavinyonge: tusimwage dawa, tupunguze chakula

Kulikuwa siku nyingi bila upepo. Asubuhi moja wamama wa Kyavinyonge walishuka kuchota maji, wakakuta ukingo wa ziwa umefunikwa na kitu cha kijani, kizito kama rangi ya mlango. Wengi wao ni wake za watu wetu: baba yuko shimoni huko Manguredjipa, mama na watoto wamebaki ziwani. Basi simu ikafika kwetu sisi wa sendika, na swali moja tu: nani ametia sumu?

Tuseme ukweli, tulikuwa tayari kushitaki mgodi. Ndiyo mazoea yetu. Na sababu ilikuwepo: upande wa Uganda, mgodi wa shaba wa Kilembe ulifanya kazi tangu 1956 mpaka 1982, ukaacha marundo ya mabaki yenye kobalti huko Kasese. Mvua ikashusha metali kuelekea ziwa George, na ziwa George linamwagika ndani ya ziwa letu Edward kwa mfereji wa Kazinga. Lakini shaba inaotesha nini? Walimaji wa kahawa wanainyunyiza kuua ukungu. Mwani nao inauua, haiulishi. Kesi ya Kilembe ibaki mezani; ukijani huu una baba mwingine.

Mwani ni vimea vidogo sana, na vinataka mbolea sawa mahindi: azoti na fosfori. Vinaipata kwetu wenyewe. Tukiisha kupasua samaki, utumbo tunautupa majini. Wasio na choo wanajisaidia ukingoni. Maji ya sabuni yanarudi ziwani, na mvua inashusha udongo wa mashamba ya milimani. Watu wanaofuga samaki ndani ya sanduku la kioo nyumbani wanaijua shida hii: ukizidisha chakula, mabaki yanaoza, na kioo kinageuka kijani. Ziwa letu lina zaidi ya kilomita za mraba 2,300, si sanduku. Lakini pale ukingoni mbele ya nyumba, upepo ukilala, maji hayatembei, ni sanduku kweli.

Mzee mmoja wa mtumbwi alitupinga. Mavi ndiyo yanalisha ziwa, alisema, na tangu viboko waishe samaki wamepungua. Hatukumcheka. Miaka ya 1970 viboko wa hifadhi ya Virunga walikuwa karibu 29,000. Mwaka 2005 walibaki chini ya 1,000, juu ya vita na uwindaji. Kiboko anakula makumi ya kilo za majani usiku, kiisha anayashusha majini mchana. Mwani unaotoka humo ni chakula cha tilapia, maana tumbo lake lina asidi kali sana. Watafiti waliionyesha ziwa George miaka hiyohiyo ya 1970. Kwa hiyo hatutafuti ziwa jeupe kama maji ya chupa. Shida ni wingi uliorundikana mahali pamoja, tena mavi ya watu yanaleta kolera.

Kijana mmoja mchimbaji alitoa shauri: tumwage sulfati ya shaba, siku mbili mwani umekufa. Utakufa, kweli. Kiisha utaoza wote kwa mara moja, utamaliza oksijeni, na samaki watakuja juu midomo wazi. Tena kuna aina zenye sumu ndani, na zikipasuka zinaimwaga yote majini. Tulikataa.

Aina hizo mama anaweza kuzishuku yeye mwenyewe. Ajaze chupa isiyo na rangi, aiache imetulia usiku kucha. Asubuhi ukijani ukiwa umepanda juu, maji yale yasinywewe, wala watoto wasioge ndani yake. Na hapa wengi wanakosea: kuchemsha kunaua kolera, lakini sumu ya mwani inabaki. Klorini nayo inamalizwa na uchafu mbele ya kufika kwa mikrobe. Siku hizo maji yachotwe mbali na ukingo, kwa mtumbwi, pasipo na utando, kiisha yachemshwe.

Tulipatana hivi: utumbo wa samaki uende shimoni na majivu juu yake, nguo zifuliwe mbali na maji, matete ya ukingo yasikatwe, maana yanakula mbolea ile mbele ya mwani. Choo kichimbwe juu, pakavu; kila mchimbaji anajua namna maji yanavyopita chini ya mchanga. Na wale wanaokusanya kodi ya samaki kila siku, tumewauliza kwa barua choo cha watu wote kiko wapi. Jibu bado.

Kuchimba, hatungoji barua. Mashimo mawili ya kwanza yalichimbwa na wenzetu waliokuja kuona familia. La tatu linangoja mbao za kufunika.