Popo wa Misunkumilo (2): Ramani ya Milio

Wiki iliyopita tuliishia pale popo anapopiga mlio na kuungoja mwangwi, ndipo ajue mdudu yuko wapi. Leo tutazame mtafiti anavyoinasa milio hiyo, na kwa nini ramani anayoichora isomwe kwa tahadhari.

Sikio la binadamu hukomea kilohezi 20 hivi. Popo wengi walao wadudu huanzia hapo kwenda juu. Kinasa sauti kiitwacho AudioMoth, kinachoenea mfukoni, hupima sauti hadi mara 384,000 kwa sekunde. Kwa kuwa ni lazima upime angalau mara mbili ya masafa unayoyatafuta, ukomo wake ni kilohezi 192. Kikinasa mfululizo, saa moja hula karibu gigabaiti 2.8 za memori kadi, kwa hiyo wengi hukitega kiamke pale tu mlio unapopita.

Tuseme vinasa hivyo vimefungwa kwenye miombo ya pembezoni mwa kata ya Misunkumilo, Mpanda, kwenye mashamba ya mahindi na karibu na maji. Kompyuta huigeuza sauti kuwa picha. Popo mmoja hushikilia sauti ileile. Mwingine huiporomosha kutoka juu hadi chini kufumba na kufumbua. Milio ikianza kufuatana mbiombio hadi ikawa mvumo, popo yuko karibu kumnyakua mdudu. Hapo pana chakula, na mahali pa chakula ndipo ningepalinda kwanza kabla ya njia wanazopitia tu.

Wingi wa milio hudanganya. Milio mia yaweza kuwa ya popo mia, au ya mmoja anayezunguka taa ya dukani usiku kucha. Ramani huonyesha pilikapilika, idadi haimo.

Tena wapo wasiosikika. Popo wa matunda karibu wote hutegemea macho na pua. Ndiyo maana popo wakubwa wa Pemba, waliokadiriwa kuwa chini ya 4,000 mwaka 1992, huhesabiwa kwa macho kwenye miti wanakolala. Kwa upande mwingine yupo Cloeotis percivali, kapopo kalikotambulishwa kwa wanasayansi mwaka 1901 kutoka Takaungu, pwani ya Kenya. Mlio wake hufika kilohezi 210 hivi, juu ya uwezo wa kinasa chetu, na sauti kali kiasi hicho hufia hewani ndani ya mita chache.

Pamoja na kasoro hizo, njia hii imezaa matunda. Kilimanjaro, watafiti waliwasikiliza popo kuanzia msituni hadi kwenye vihamba vya Wachaga na mashamba ya kahawa. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2015, yalionyesha kwamba popo hawayapokei mabadiliko ya ardhi kama ndege wanavyoyapokea. Jaribio jingine mlimani humo, la mwaka 2014, lilionyesha kwamba mikahawa iliyozungushiwa nyavu, ndege na popo wasiifikie, ilishika matunda pungufu kwa takribani asilimia 9.

Katavi, iliko Misunkumilo, nayo ina miombo na mashimo ya wachimbaji, makao mazuri ya popo. Lakini programu ya kutambua popo iliyofunzwa kwa milio ya Ulaya itampa popo wa Mpanda jina la popo wa Ulaya, bila haya. Kwanza wakamatwe wachache kwa vibali vya mamlaka za utafiti, TAWIRI na COSTECH, watambuliwe, wanaswe milio wakiachiwa. Kwa nini mlio wa popo aliyetoka mkononi haufanani na wa anayewinda, tutaona wiki ijayo.